-tumika na -tumiwa katika kiashiria cha kamera

Kiashiria cha kamera ni taa au alama ya skrini inayomjulisha mtumiaji wa kompyuta kwamba kamera iko kazini wakati huo. Katika MacBook ni taa ndogo ya kijani kando ya kamera.

Ugumu umo katika maandishi. *Kamera inatumika* ndiyo tafsiri iliyozoeleka, lakini kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano, kama katika *simu hii kuukuu bado inatumika*, yaani haijaharibika. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe: *Kamera inatumiwa na programu ya mikutano*. Mfasiri aichague hii, kwa kuwa anachotaka kujua msomaji ni nani anayemtazama. (Katika *nimetumiwa fedha* kitenzi ni kingine, *tuma*, muktadha huvitenganisha.) *Kamera imewashwa* hutaja hali tu, bila mtenda.

Wala *taa imezimika* isifasiriwe kuwa *kamera haitumiki*. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kamera za baadhi ya kompyuta za zamani za Apple zingeweza kupiga picha taa ikiwa haijawaka.