Uwanja wa Kuazima

Mwishoni mwa mwaka 1948, wapangaji wa nyumba mpya zilizokuwa zikijengwa mashambani, kama kilomita 48 kusini mwa Chicago, waliitwa kwenye mkutano ndani ya hema. Wa kwanza wao walikuwa wamehamia Agosti ya mwaka huohuo. Wengi walikuwa askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na wake zao, na watoto wadogo. Barabara zilikuwa hazijakamilika, na tope lilikuwa kila mahali. Aliyewaita alikuwa Philip Klutznick, mkuu wa kampuni iliyowapangisha, na alikuwa na pendekezo ambalo wenye nyumba hawalitoi mara nyingi: undeni serikali yenu wenyewe.

Wakaiunda. Februari 1949 Park Forest ikawa mji mdogo unaotambuliwa na sheria za jimbo la Illinois, wenye baraza la kuchaguliwa na haki ya kutoza kodi. Ni nadra kukuta mji ambao wapangaji wake walipewa dola na mwenye nyumba wao.

Lakini kilikuwapo kitu kimoja ambacho hawakupewa, nacho kilikuwa katikati ya mji.

Kampuni ya Klutznick na mshirika wake Nathan Manilow iliajiri mpangamiji Elbert Peets na wasanifu Loebl, Schlossman na Bennett. Hawa walichora zaidi ya nyumba. Walichora mji mzima wenye moyo, na moyo huo ulikuwa kituo cha maduka, Park Forest Plaza, kilichoanza kufunguliwa mwaka 1949. Kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo vya aina yake Marekani. Magari yaliachwa nje, kwenye maegesho mapana yaliyokizunguka kituo pande zote. Ndani hamkuwa na barabara hata moja. Kulikuwa na viwanja vya wazi vya kutembea kwa miguu, miti, sinema, na mnara wa saa. Maduka yalitazamana uwanjani na kuipa barabara mgongo. Mwaka 1955 Marshall Field's, duka lenye hadhi kuu Chicago, lilifungua tawi pale, na watu wakaja hata kutoka miji ya jirani.

Mwaka 1956 William H. Whyte, mhariri wa jarida la Fortune, alichapisha kitabu The Organization Man, ambacho sehemu yake kubwa ni uchunguzi wa maisha ya Park Forest. Alichora ramani za nani anamtembelea nani, na akagundua kwamba urafiki haukuwa unafuata tabia za watu peke yake. Ulifuata milango. Waliotazamana kupitia ua mmoja walialikana. Ambaye mlango wake ulielekea upande mwingine alisahauliwa. Kwa msomaji aliyekulia penye baraza, hili halihitaji profesa. Benchi la udongo au la mawe mbele ya nyumba linaamua nani atajua habari za mtaa na nani atazisikia zimepoa. Ila Whyte alikuwa ameonyesha jambo ambalo wenye mji wangelihitaji miaka 40 baadaye: mahali hufanya watu wakutane au wapishane, na hilo huamuliwa na yule anayeshika kalamu ya ramani.

Park Forest haikuwa pepo. Katika miaka yake ya kwanza Wamarekani Weusi hawakuishi mle. Familia ya kwanza ilihamia mwaka 1959, baada ya mabishano na kazi ya muda mrefu ya wakazi waliotaka mlango huo ufunguliwe. Naitaja habari hii hapa kwa sababu inaonyesha wakazi wakitumia ile dola waliyopewa hemani. Kuhusu nani aishi mjini, walikuwa na pa kusemea: kamati, baraza, kura. Kuhusu uwanja wa maduka, hawakuwa na pa kusemea. Uwanja ule ulionekana wa umma. Watoto walicheza pale na wazazi walipumzika chini ya mnara wa saa. Kisheria, ilikuwa mali ya mtu.

Tofauti hii kati ya kuonekana na kuwa ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1946 mahakama ilikuwa imetoa hukumu iliyoelekea kuwapa matumaini watu wa miji ya kampuni. Mwanamke mmoja wa Mashahidi wa Yehova alikuwa amekamatwa kwa kugawa maandiko kwenye njia ya waenda kwa miguu huko Chickasaw, Alabama, mji uliokuwa mali ya kampuni ya kujenga meli. Majaji walisema kwamba mji ni mji hata kama una mwenyewe, na uhuru wa kusema haukomi pale hatimiliki inapoanzia. Lakini mwaka 1972, katika kesi ya kituo cha maduka cha Lloyd Center mjini Portland, ambako vijana walikuwa wamegawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam, majaji waligawanyika watano kwa wanne na kuamua kinyume. Kituo cha maduka si mji, walisema. Kualikwa kununua si kualikwa kusema.

Niliposoma hukumu hiyo kwa mara ya kwanza nilikumbuka alasiri moja Dar es Salaam. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za jengo moja la maduka, nimetoa simu kupiga picha ya kivuli kilivyoanguka sakafuni. Mlinzi akaja, kwa upole kabisa. "Dada yangu, hapa hapapigwi picha. Halafu unamsubiri nani?" Simsubiri mtu, nikamwambia, nimekaa tu. Akatabasamu kama anayenionea huruma. Kukaa tu hakukuwa miongoni mwa mambo yaliyoruhusiwa pale, na yeye wala hakuwa ndiye aliyetunga kanuni hiyo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nasi wakazi wa miji ya leo tumeazima viwanja vingi.

Turudi Illinois. Mwaka 1973, kilomita chache tu kutoka Park Forest, mji jirani wa Matteson ulipata Lincoln Mall, kituo kikubwa chenye paa, chenye joto wakati wa theluji, karibu na barabara kuu ya I-57. Park Forest Plaza kilikuwa wazi kwa upepo, tena mbali na barabara hiyo. Wateja wakahama taratibu, na baada yao wenye maduka.

Hapa pana jambo la kodi ambalo halina mvuto kusimulia, lakini ndilo lililouma. Illinois huirudishia kila mji sehemu ya kodi ya mauzo kutoka kwenye maduka yaliyo ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo mama wa Park Forest aliyekwenda kununua viatu Lincoln Mall aliacha nauli, aliacha bei ya viatu, na aliacha pia senti za kutengenezea barabara za Matteson badala ya zake. Miji iliyopakana ikawa kama wachuuzi wa nyanya waliopanga mafungu mbele ya mteja mmoja. Mkazi wa Park Forest hakuwa na kura Matteson, na kwenye uwanja wake mwenyewe hakuwa na hisa. Hatima ya katikati ya mji wake iliamuliwa pande zote mbili na watu wasiomjua.

Wamiliki wakabadilishana. Katika miaka ya 1980 kituo kilikarabatiwa na kupewa jina jipya. Rangi mpya haikuwarudisha wateja. Goldblatt's lilikwisha kwenda. Katika miaka ya 1990 likafuata Sears, kisha Marshall Field's. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 30,000 mwaka 1970 ulikuwa umebaki na pungufu ya 25,000, na katikati yake palikuwa na ekari nyingi za lami tupu zinazozunguka madirisha matupu.

Mwaka 1995 serikali ya mji ikafanya jambo ambalo serikali ndogo nyingi zingeliogopa. Ikanunua kituo chote.

Tafakari maana yake. Kwa miaka 46 mkazi aliyekuwa na wazo kuhusu uwanja ule alikuwa na matamanio tu. Angeweza kulisema kanisani, kwa kinyozi, kwenye barua kwa gazeti. Siku mji uliponunua, matamanio yakageuka kuwa mapendekezo. Sasa yangeweza kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kupigiwa kura, kugharimiwa, na, jambo la maana zaidi, kukosea. Maana mwenye mali ndiye pekee anayeweza kukosea kwa gharama yake.

Si vigumu kukisia wazo la kwanza la watu katika hali ile, kwa kuwa ndilo la kwanza kila mahali: lirudisheni duka kubwa. Ni wazo la huzuni. Anayelitoa huwa anakumbuka mkono wa mama yake kwenye ngazi za duka, harufu ya chokoleti, nguo ya Krismasi. Lakini maduka makubwa hayarudi kwa kukumbukwa. Hufuata magari na vipato, na vyote viwili vilikuwa vimehamia kwingine. Kukubali hilo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, na naamini mji ambao bado unamsubiri mwekezaji mmoja mkubwa aje kuuokoa haujaianza kazi hiyo.

Mpango uliofuata ulikuwa wa kupunguza. Majengo yaliyozidi mahitaji yakavunjwa, likiwamo la Sears na, baadaye sana, lile la Marshall Field's. Barabara ya kawaida, yenye magari na njia za waenda kwa miguu, ikapitishwa katikati ya kile kilichokuwa kisiwa cha watembea kwa miguu. Angalia kinyume hicho. Katika miaka ya 1960 na 1970 miji mingi ya Marekani ilifunga barabara zake za maduka kwa magari ikitumaini kuviiga vituo kama Park Forest Plaza. Hata Oak Park, kitongoji kingine cha Chicago, kilifunga barabara yake ya Lake Street mwaka 1974, kisha kikaifungua tena kabla miaka ya 1980 haijaisha. Na sasa kituo chenyewe kilichoigwa kilikuwa kinafungua barabara. Ukweli ni kwamba gari halikuwa adui wala mwokozi. Tatizo lilikuwa milango: ya nani inamtazama nani, na mpita njia ana sababu gani ya kusimama.

Kwa hiyo wakaleta watu wa kukaa. Makazi ya wazee yakajengwa hatua chache kutoka dukani. Kwenye lami iliyokuwa maegesho zikasimama nyumba zaidi ya 60 za familia, zenye vibaraza vinavyotazama barabara. Wasanii wakapata ukumbi wa maonyesho. Pakaachwa uwanja wa majani kwa ajili ya muziki wa jioni za kiangazi, na soko la wakulima likapata mahali pa kujipanga.

Je, walifaulu? Ukienda na daftari la mhasibu, utakunja uso. Milango kadhaa ya maduka ilibaki imefungwa. Kodi ya majengo huko ni mzigo mkubwa, kwa sababu pasipo na maduka ya kutosha, nyumba ndizo zinazolipa. Idadi ya watu iliendelea kupungua polepole. Mwaka 2020 walihesabiwa chini kidogo ya 22,000. Na siwezi kuyasahau mambo mawili kwa pamoja: kwamba mji huu, ambao leo wengi wa wakazi wake ni Wamarekani Weusi, ndio ulioachiwa bili ya uwanja ambao ulileta faida nono katika miaka ambayo watu Weusi hawakuruhusiwa kupanga nyumba kando yake. Historia ina namna yake ya kukabidhi funguo baada ya karamu kwisha, vyombo vikiwa havijaoshwa.

Lakini lipo daftari jingine. Lincoln Mall, kile kituo chenye paa kilichowameza wateja wa Park Forest, kilifungwa Januari 2015 na kuvunjwa mwaka 2017. Kilipokuwa kinakufa, wakazi wa Matteson waliweza kutazama tu, na mji wao ukaishia kukimbizana na mwenye mali mahakamani. Plaza ilikufa miaka 20 kabla, ila ilikufa mikononi mwa watu wenye haki ya kuamua izikwe vipi na juu yake paote nini.

Ndiyo sababu kila ninapoalikwa kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu stendi, soko au ufukwe, na karatasi za rangi za kuandikia mawazo zinapogawiwa, siku hizi huuliza kwanza swali lisilopendeza: hatimiliki ya mahali hapa ina jina la nani? Mawazo ya wakazi hayajawahi kuwa haba. Waliyo nayo wanaweza kujaza hema. Klutznick alilijua hilo mwaka 1948, ndiyo maana aliwapa wapangaji wake mji mzima, na uwanja akabaki nao.