Mzazi na Shule Katika Nchi ya Ushetu

Katika nchi ya Ushetu, iliyotawaliwa na watemi wake kabla ya kutiwa katika wilaya ya Kahama, na ambayo tangu mwaka 2012 ina halmashauri yake yenyewe, mtoto hakukosa mafunzo kabla ya shule kufika. Kwani jioni, ng'ombe wakisha kurudi zizini, wana walikaa na baba na babu zao kwenye shikome, yaani moto wa uani, wakapewa nasaba, adabu na ilimu ya mifugo. Shule ilipokuja iliwakuta walimu hao, ikawapita.

Mapadri Weupe walipojenga Ushirombo, kaskazini ya hapa, mwaka 1891, watoto waliowakusanya aghalabu walikuwa yatima na watumwa waliokombolewa, wasio na baba wa kuulizwa. Na serikali ya Mwingereza ilipofungua shule ya Tabora mwaka 1925, ikiwakusudia hasa wana wa watemi, mzazi alitakiwa amtoe mwanawe, si rai yake. Je, ni ajabu kwamba mfugaji alimwacha wake machungani?

Waliogeuza mambo ni wazazi wenyewe. Mwaka 1955 ilianzishwa TAPA, jumuiya ya wazazi Waafrika wa Tanganyika, ikawafungulia shule watoto waliokosa nafasi katika zile za serikali na za misheni. Na baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977, vijiji vilijijengea madarasa, wanawake wakichota maji, wanaume wakifyatua matofali, na tanuri zikichomwa kwa kuni za miombo. Kazi ya jumla haikuwa ngeni kwa Wasukuma na Wanyamwezi, waliozoea kulimiana mashamba kwa ngoma, na ngoma ya Bugobogobo huchezwa hata leo kwa majembe mikononi. Sitaki kuupamba wakati ule: ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, na wengi walikuwa wamehamishwa kwa amri. Walakini tofali, hata lililofyatuliwa kwa amri, lina mkono wa mtu ndani yake, wala mtu hapiti penye ukuta wake kama mgeni.

Kamati za shule zilizopewa nguvu na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, tangu 2002 zilisimama juu ya msingi huo.

Dhahabu imeleta mzazi wa namna nyingine. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi iliwakusanya Kahama watu wa kila upande, na shule za mchepuo wa Kiingereza zikamea mjini. Mzazi wa huko hulipa ada, hutia sahihi katika daftari la mwanawe, huhudhuria mahafali, na hapo watu wasiounganishwa na ukoo hujuana kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Baba fulani. Ni jambo jema, nami nalifurahia. Ila natamani walimu wa shule hizo wawaite wazazi si kwa matokeo ya mitihani peke yake, bali wakae nao jioni moja na kuuliza babu wa mtoto anajua nini. Babu huyo pengine yuko Ulowa au Bulungwa, mwendo wa saa chache tu, na jua likichwa huwasha moto wake.