Kura Tano kwa Tano: Ugomvi wa Halmashauri ya Elimu ya Bengal

Neno moja katika sheria laweza kuzaa mabishano ya miaka ishirini. Mwaka 1813, Bunge la Uingereza lilipoipa Kampuni ya Mashariki ya Uhindi hati mpya, liliagiza kwamba kila mwaka itengwe fedha isiyopungua rupia laki moja kwa ajili ya kufufua na kustawisha fasihi, kuwatia moyo wenyeji wenye elimu, na kueneza maarifa ya sayansi katika Bara Hindi. Sheria haikusema ni fasihi ya nani itakayofufuliwa, wala sayansi itafunzwa kwa lugha gani. Swali hilo liliachiwa watawala wa Calcutta. Na watawala wa Calcutta wakagawanyika nusu kwa nusu.

Kwa miaka kumi fedha hiyo haikufanya kazi kubwa. Mwaka 1823 ikaundwa Halmashauri Kuu ya Elimu ya Umma ili kuisimamia. Katibu wake wa kwanza alikuwa H. H. Wilson, aliyefika Bara Hindi akiwa tabibu, akageuka kuwa bingwa wa Kisanskriti. Chini ya uongozi wake Halmashauri iliitunza Madrasa ya Calcutta, iliyoanzishwa na Warren Hastings, na Chuo cha Kisanskriti cha Benares cha mwaka 1791. Tena mwaka 1824 ikafungua Chuo kipya cha Kisanskriti mjini Calcutta. Ilipiga chapa vitabu vya Kiarabu na Kisanskriti, na kuwalipa wanafunzi posho ya kila mwezi.

Haikuwa kwamba wenyeji wote waliipenda njia hiyo. Desemba 1823 Ram Mohan Roy, mtu aliyekijua Kisanskriti, Kiarabu na Kiajemi, alimwandikia Gavana Mkuu, Lord Amherst, akipinga chuo kipya cha Kisanskriti na kuomba badala yake hisabati, kemia na elimu ya mwili wa binadamu. Kabla ya hapo, mwaka 1817, matajiri wa Calcutta walikwisha fungua Chuo cha Wahindu, ambamo vijana walilipa ada ili wafundishwe Kiingereza. Asemaye kwamba Kiingereza kililetwa kwa amri ya wageni peke yao hasemi kweli yote.

Wilson alipokwisha kuondoka kwenda kufundisha Oxford, Halmashauri ilipoteza nguzo iliyoishikilia. Kufika mwaka 1834 wajumbe kumi walikuwa wamesimama safu mbili, watano kwa watano. Upande wa Mashariki walikuwako H. Shakespear, ndugu wawili H. T. Prinsep na James Prinsep, W. H. Macnaghten, na katibu J. C. C. Sutherland. Upande wa Kiingereza walikuwako Bird, Saunders, Bushby, Colvin na kijana mwenye ari kuliko wote, Charles Trevelyan. Kila jambo lililoletwa mezani lilikwama. Wote kumi walikuwa Waingereza. Mhindi hakuwamo hata mmoja.

Si haki kudhani kwamba safu moja ilikuwa ya wapenzi wa Bara Hindi na nyingine ya maadui zake. Watu wa Mashariki waliipenda elimu ya kale, lakini pia walikuwa watawala: mahakama zilihitaji maulamaa na mapanditi wa kufasiri sheria, na serikali ilitaka heshima ya wenye elimu walioheshimiwa na watu. Watu wa Kiingereza nao waliamini kwa dhati kwamba sayansi mpya ndiyo dawa ya nchi. Lakini serikali yenye kubana matumizi ilihitaji vilevile makarani wenyeji, ambao mishahara yao ni midogo kuliko ya Waingereza. Kila upande ulichanganya imani na faida.

Mwaka 1834 alifika Thomas Babington Macaulay, mjumbe wa sheria katika Baraza la Gavana Mkuu. Aliteuliwa kuwa rais wa Halmashauri, akakataa kushiriki katika kazi zake mpaka serikali itoe uamuzi. Desemba mwaka huo dada yake Hannah aliolewa na Trevelyan. Tarehe 2 Februari 1835, akiwa na umri wa miaka 34, Macaulay alitoa waraka wake. Alikiri kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu. Hata hivyo alihukumu kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya yazidi thamani fasihi yote ya Bara Hindi na Arabuni.

Majivuno hayo ndiyo yanayokumbukwa. Lakini silaha kali ya waraka ilikuwa hesabu. Juzuu 23,000 za Halmashauri zilikuwa zimelala maghalani bila mnunuzi. Katika miaka mitatu zilitumika kama rupia 60,000 kwa kupiga chapa, na mauzo hayakutimia rupia elfu moja. Wanafunzi 77 wa Kiarabu wa Madrasa walilipwa zaidi ya rupia 500 kwa mwezi ili wasome, na huku waliotaka Kiingereza walitoa fedha mifukoni mwao. Macaulay alisema wazi kwamba akishindwa ataomba kujiuzulu urais.

H. T. Prinsep alijibu kwa hoja zisizo dhaifu. Kufufua, alisema, ni kurudishia uhai kitu kilichokuwako; nani awezaye kufufua Kiingereza katika nchi ambayo hakikuzaliwa? Macaulay alikuwa amefananisha Kiingereza na Kiyunani na Kilatini, zilizoiamsha Ulaya. Prinsep aliugeuza mfano huo: kwa Waislamu na Wahindu, Kiarabu na Kisanskriti ndizo zenye nafasi ya Kiyunani na Kilatini. Habari za kufungwa kwa vyuo zilipovuja, Waislamu wa Calcutta zaidi ya 8,000 walitia saini ombi la kuiokoa Madrasa yao.

Gavana Mkuu, Lord William Bentinck, aliandika mstari mmoja tu chini ya waraka, kwamba anakubaliana nao kabisa. Tarehe 7 Machi 1835, siku chache kabla ya kuondoka nchini, alitoa azimio: fedha za elimu zitumike kwa Kiingereza, vyuo vya kale visifungwe, lakini wanafunzi wapya wasipewe posho, wala vitabu vya Mashariki visipigwe chapa tena. Shakespear na James Prinsep wakajiuzulu. Mwaka 1839 Lord Auckland alivirudishia vyuo vya kale sehemu ya fedha zao ili kuzima moto, lakini njia ilikwisha kuchaguliwa.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote katika waraka ule ni lile ambalo halikubishaniwa. Macaulay aliandika kwamba pande zote zimekubaliana katika neno moja: kwamba lugha zinazosemwa na watu wa kawaida ni maskini mno kubeba elimu. Upande mmoja uliahidi kwamba Kisanskriti kitazilisha lugha hizo maneno. Upande wa pili uliahidi kwamba tabaka dogo la waliosoma Kiingereza litazitajirisha baadaye. Kibengali, lugha ya mamilioni, kiliambiwa na wote wawili kingoje. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi.

Na ushahidi wa kinyume ulikuwa karibu. Mwaka uleule wa 1835 Brian Hodgson, aliyekuwa Nepal, aliandika barua za kutetea lugha za wenyeji. William Adam naye, aliyetumwa na Bentinck mwenyewe kuchunguza elimu ya Bengal na Bihar, alikadiria shule za vijijini kuwa kama 100,000, akashauri walimu wa shule hizo wasaidiwe na wapewe vitabu. Hesabu yake imebishaniwa tangu hapo. Shauri lake halikubishaniwa, liliwekwa kando tu.

Jibu halisi lilitoka mahali pasipotazamiwa. Azimio la 1835 lilimkuta Ishwar Chandra Vidyasagar akiwa mwanafunzi kijana katika kile Chuo cha Kisanskriti kilichogombewa. Baadaye alijifunza Kiingereza, akawa mkuu wa chuo hicho mwaka 1851, na mwaka 1855 akatoa kitabu cha kufundishia watoto kusoma Kibengali, kilichotumiwa vizazi kwa vizazi. Alichukua kwa mkono mmoja alichokipigania Prinsep, na kwa mkono mwingine alichokitaka Macaulay, akavitia vyote katika lugha ambayo wote wawili waliiona haijafaa.

Achunguzaye kumbukumbu za halmashauri huzitazama kwanza kura, ajue nani alishinda. Kumbukumbu za Calcutta zafundisha kutazama pia lile ambalo kumi wote walilikubali bila kulipigia kura, maana hapo ndipo hasara ilipowapata wasiokuwa na kiti mezani.