Kiingereza cha Viwanja vya Ng'ambo

Mtaa wa Jang'ombe, ulio upande wa Ng'ambo ya mji wa Unguja, una klabu mbili za kandanda ambazo Januari 2017 zilijikuta kundi moja na Simba katika Kombe la Mapinduzi: Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe. Jina la kwanza limepangwa Kiingereza, yaani neno linalofafanua limetangulia neno kuu. La pili limepangwa Kiswahili, ingawa mwanasarufi mkali angedai "Taifa la", asikubali kwamba upatanisho huo unafuata timu na si taifa.

Kiingereza cha majina kama hilo la kwanza kina historia yake. Uingereza ilipotangaza himaya yake Unguja mwaka 1890, lugha yake ilizidi kuingia katika maandishi ya kisiwa ikiwa mafungu yaliyokwisha kufungamana, maana yake maneno ambayo mazoea yameyaoanisha hata moja likitajwa jingine hutarajiwa. Kila aina ya maandishi ilikuwa na mafungu yake. Barua ya serikali ilimalizika kwa mwandishi kujiita mtumishi mtiifu wa anayeandikiwa, hata pale mwandishi alipokuwa ndiye mkubwa. Simu ya maandishi, iliyopita katika waya wa baharini uliofika Unguja mwaka 1879, ililipiwa kwa hesabu ya maneno, kwa hiyo ilitupa kila neno lisilo la lazima. Karani aliyechanganya mitindo hiyo angekuwa na sarufi sahihi na bado akaandika vibaya.

Walio wengi wa Ng'ambo hawakuwa makarani, na Kiingereza chao kilitoka zaidi uwanjani. Kandanda ilichezwa katika karne ya 19 kwenye shule ya misheni ya UMCA iliyokuwa Kiungani, na Waingereza waliofanya kazi katika kampuni ya simu waliicheza pia, kisha vijana wa mjini wakaitwaa pamoja na msamiati wake. Fulubeki, sentahafu, sentafowadi na golikipa ni maneno mawili mawili ya Kiingereza yaliyoshonwa yakawa moja, nayo hupokea wingi wa Kiswahili, kama katika magolikipa, bila msemaji kuhisi mshono. Mwandishi wa gazeti huandika "mlinda mlango" pale ambapo watu wa barazani husema golikipa, na si haba wanaotumia yote mawili katika aya moja. Wanaouita mtindo huo uzembe wanasahau kwamba kujua neno lipi linafaa wapi ndio ufundi wenyewe wa uandishi. Majina ya klabu, kwa upande wake, yalichota katika fungu dogo sana la Kiingereza, kama yanavyoonesha Malindi Sports Club na Black Sailors, na "Boys" wa Jang'ombe wanaweza kuwa watu wazima wenye ndevu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuja timu za vikosi vya serikali, ambazo majina yake yalitungwa kwa Kiswahili: Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) na Kikosi cha Valantia Zanzibar (KVZ), ambamo neno la Kiingereza limefuata kiunganifu "cha" kama neno jingine lolote. Vifupisho vyenyewe, hata hivyo, husomwa kwa majina ya herufi za Kiingereza, kama CCM inavyosomwa sisiemu.