Waya wa shaba ya juu juu: wapi unafaa na wapi ni hatari

MKAZI wa Masama anayeshuka hadi Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi-Arusha, kununua vifaa vya umeme vya nyumba mpya, huwa na orodha aliyopewa na fundi: roli za waya wa 1.5 kwa ajili ya taa, za 2.5 kwa ajili ya soketi, na fimbo ya kuzamishwa ardhini. Akikuta roli mbili zinazofanana kwa rangi na maandishi, huku moja ikiuzwa kwa bei ya chini mno, ana kila sababu ya kuuliza kilichomo ndani ya ganda la plastiki.

Huenda roli hiyo ni ya waya wa metali mbili, yaani kiini cha alumini au cha chuma kilichovikwa shaba kwa nje. Waya wa aina hiyo si wa bandia kwa asili yake, kwani ulibuniwa kwa kazi maalumu. Kosa ni kuuuza kana kwamba ni shaba tupu.

Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo hupita katika unene wote wa waya. Hivyo kiini cha alumini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo, nalo koti la shaba husaidia kidogo tu. Mawimbi ya televisheni ni kinyume chake. Yakiwa na mamilioni ya mizunguko kwa sekunde, hukimbilia kwenye ngozi ya waya, katika kina kisichofikia sehemu moja ya mia ya milimita. Ndiyo maana waya wa antena wenye kiini cha chuma hufanya kazi vizuri, ingawa kwa waya mrefu wa dishi, ambao pia hupeleka umeme wa kuendesha kichwa cha dishi, shaba tupu ni bora zaidi.

Alumini iliyovikwa shaba hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba. Mita 100 za waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hazipaswi kuwa na ukinzani unaozidi omu 0.74, za alumini iliyovikwa shaba, kwa unene huo huo, hufikia omu 1.1 au zaidi. Kwa mzigo ule ule wa pasi au jiko, joto ndani ya waya huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maungio. Fundi anapomenya waya kwa kisu hukwangua koti, na alumini iliyobaki wazi hufanya utando usiopitisha umeme. Aidha, alumini ni laini, hivyo hulegea taratibu chini ya skrubu ya soketi. Maungio yaliyolegea hupata moto hadi plastiki kuungua, huku sakiti breka ikibaki kimya, kwa sababu kiasi cha umeme kinachopita hakijazidi kiwango chake.

Kwa fimbo ya ardhini hali ni tofauti kabisa. Katika miteremko ya Kilimanjaro, yenye mawe ya volkano, fimbo ya shaba tupu hupinda kwa nyundo, wakati ya chuma kilichovikwa shaba hupenya na haishiki kutu upesi. Koti lake liwe na unene wa robo milimita. Lililopakwa jembamba kama rangi hukwanguliwa na mawe, na chuma kikaanza kuliwa. Isitoshe, chuma hicho hakiwavutii sana wezi wa vyuma chakavu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiiba nyaya za shaba za umeme na simu nchini.

Mnunuzi anaweza kukata ncha ya waya na kuitazama kwenye mwanga: katikati pakiwa peupe, si shaba tupu. Sumaku hunasa kiini cha chuma pekee. Alumini huipita bila kugundulika. Mizani husema zaidi, kwani shaba ya mita 100 za waya wa 2.5, bila ganda, ina uzito wa takriban kilo 2.2, ilhali alumini iliyovikwa haifiki kilo moja.

Aliyekwisha kuununua anashauriwa asiufukie ukutani kama ulivyo. Panapolazimu, waya wa 4 ndio unaokaribia uwezo wa shaba ya 2.5, na soketi ziwe zilizotengenezwa kupokea alumini, jambo ambalo kwa kawaida hufuta nafuu yote ya bei.

Kabla TANESCO haijaunganisha umeme, fomu ya kazi hiyo hujazwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Wakati mzuri wa kumwonyesha ncha ya waya, pamoja na alama ya TBS kwenye roli, ni kabla ukuta haujapigwa plasta.