Heegner na siri ya 163

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti. Washa tarakilishi yako, andika programu ya mistari mitatu: n ianze 0 hadi 39, kisha ikokotoe n² + n + 41. Majibu yote 40 ni nambari tasa. Euler aliliona jambo hili karne ya 18, ila sababu yake ilikawia.

Sababu imo ndani ya fomu x² + xy + 41y². Kila fomu ax² + bxy + cy² ina kitambulisho chake, b² − 4ac. Hapa ni −163. Katika kitabu chake cha 1801, Gauss aliziweka katika ukoo mmoja fomu zinazogeuka kuwa nyingine ukibadilisha vigeu tu. Kitambulisho −163 kina ukoo mmoja pekee. Ukiacha vya marudio, vitambulisho hasi vya aina hiyo vinavyojulikana ni tisa, na huyu ndiye wa mwisho. Je, hakuna wa kumi?

Mwaka 1839 Dirichlet alifanya kitu ambacho bado kinanishangaza: alihesabu koo kwa kujumlisha sehemu zisizo na mwisho. Alichukua jumla ya zeta, 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea, akaipa kila sehemu alama kufuatana na kitambulisho. Kwa −163 inaanza 1 − 1/2 − 1/3 + 1/4 − 1/5 + 1/6. Zidisha jumla yake kwa √163, gawanya kwa π, unapata 1 kamili. Nambari tasa zote chini ya 41 zina alama ya kutoa, ndiyo maana jumla ni ndogo hivyo, kama 0.246. (Ijaribu, lakini uwe na subira, inakaribia polepole mno.)

Kwa njia za zeta, Heilbronn na Linfoot walionyesha mwaka 1934 kwamba wa kumi akiwepo, basi ni mmoja tu. Huyo mmoja akakataa kufukuzika.

Mwaka 1952 Kurt Heegner, mhandisi wa redio wa Ujerumani asiye na kazi chuo kikuu, alichapisha thibitisho kwamba hayupo. Wataalamu walisema lina pengo, wakalipuuza. Akafariki 1965. Baker mwaka 1966 na Stark mwaka 1967 walithibitisha kila mmoja kwa njia yake, kisha Stark akarudi kwenye kazi ya Heegner akaonyesha pengo lilikuwa dogo la kuzibika. Kwa maoni yangu, walitazama cheo kabla ya hesabu.

Nukta za Heegner zilikuja kuwarudisha watu kwenye jamii ya zeta. Gross na Zagier walizitumia katika makala ya 1986, na kwa kuziunganisha na kazi ya Goldfeld ya 1976, ikawezekana kutafuta orodha kamili kwa idadi yoyote ya koo. Kufikia 2004 Mark Watkins alikuwa amezikokotoa kwa tarakilishi hadi koo 100.