Binti wa Finant
(Sehemu ya Kwanza)

Lualaba ikishaipita Kasongo hushuka hadi Kindu, na mbele zaidi hukutana na maporomoko ya Kisangani. Mji huo ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, Novemba 1954, alizaliwa humo Élisabeth Finant. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Abeti Masikini.

Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa Lumumba wa kufa na kupona. Mwaka 1960 akawa rais wa jimbo la Orientale. Wazee wa Kasongo na Kabambare hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, maana Maniema nayo ilikuwa ngome ya MNC, chama cha Lumumba. Mwaka haujaisha, Finant akakamatwa. Februari 1961, majuma machache baada ya Lumumba kuuawa Katanga, yeye na wenzake walipakiwa kwenye ndege wakapelekwa Bakwanga, Kasai. Wakauawa huko huko.

Abeti alikuwa na miaka 6.

Wengi wanaosimulia habari zake hukimbilia taa za Paris. Mimi nasema ukitaka kuielewa sauti ile, anza na mtoto huyu aliyenyang'anywa baba na siasa.

Miaka kumi baadaye yuko Kinshasa. Muziki wa mji huo uko mikononi mwa wanaume: Franco huku, Rochereau kule. Mwimbaji Gérard Madiata anaitisha mashindano ya vijana mwaka 1971. Abeti anajitokeza, anashika nafasi ya tatu. Ya tatu tu! Lakini Mtogo mmoja, Gérard Akueson, mwimbaji aliyegeuka mtafutaji wa vipaji, akamwona na hakutaka mwingine. Akamchukua hadi Afrika Magharibi, jukwaa kwa jukwaa, kisha akaitaja Olympia.

Olympia ya Paris! Ukumbi alimoimba Édith Piaf. Rochereau aliuingia mwaka 1970, lakini yeye alikuwa tayari nyota, na orkesta nzima nyuma yake.

Sasa ni 1973. Abeti ana miaka 18, na Ulaya haimjui. Alicho nacho ni sauti, na nyimbo za kwao, ukiwamo "Mutoto Wangu" wa Kiswahili. Mwenye neno la mwisho Olympia ni mtu mmoja, Bruno Coquatrix. Akueson anakwenda kumwomba jukwaa. Je, Coquatrix atamkubali binti wa Finant, au mlango utafungwa usoni pake?

Itaendelea Jumamosi ijayo.